Saa za Mkono Zihesabiwe

Hotuba kwa mkutano wa mafundi wa kofia, kroshia na darizi, Tanga

Mwenyekiti na wenzako wa meza kuu, shikamooni mama zetu na bibi zetu mliofika. Wenzangu, assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Nawaona mabinti mliokaa nyuma karibu na mlango. Sogeeni mbele, viti vipo, maana mengi ya leo yanawahusu ninyi.

Nimeombwa nilete habari za wenzetu wanaofuma lesi kwa mkono katika nchi nyingine, kwa kuwa nimekuwa nikizifuatilia. Nitazileta. Lakini nina jambo ninalolitaka kutoka kwa mkutano huu, na nalisema mapema ili mnisikilize mkijua naelekea wapi. Nataka tuanze kuhesabu saa za kazi zetu, tuziandike, na kila kazi itoke mikononi mwetu ikiwa na jina la aliyeifanya.

Nianze na habari itakayowagusa watu wa Tanga. Katika Bahari ya Adriatiki, nchini Kroatia, kuna kisiwa kiitwacho Hvar. Mji wake mkubwa una nyumba ya masista wa Kibenedikto, na masista hao hufuma lesi kwa nyuzi za jani la agave, mmea wa ukoo mmoja na mkonge wetu. Kroatia nzima, lesi ya namna hiyo inafanywa na wao peke yao. Huchukua jani bichi, wakatoa nyuzi nyeupe nyembamba zilizo moyoni mwake, kisha wakazifuma wavu na mapambo juu ya karatasi ngumu. Hakuna korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, wala kiwanda. Ni vidole, sindano na subira.

Sisi mkonge tunaujua kwa kamba, magunia na mazulia. Tunajua kwamba mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyopona ikapandwa Kikokwe, Pangani, ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 kukawa na mashamba ya Korogwe, Ngomeni, Muheza na kwingineko, na kufikia mwaka 1964 nchi ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Wapo humu ambao babu zao walikuja mkoa huu kama manamba wa kukata majani hayo. Muda wote huo tuliuuza mkonge kwa tani. Masista wa Hvar wanahesabu uzi mmoja mmoja.

Sisemi kesho tukafume lesi ya mkonge. Mkonge wetu ni mgumu, na ufundi wao haukupatikana kwa siku moja. Ila akina mama wa Ukambani, jirani zetu hapo Kenya, wamekuwa wakiusokota mkonge kwa kiganja na paja hadi unakuwa uzi mzuri wa kusukia vyondo, kwa hiyo hatuwezi kusema jani hili halikubali mkono. Kama yupo humu mwenye hamu ya kujaribu uzi mwembamba zaidi, ningefurahi sana kumwona baada ya kikao.

Kazi hiyo ya Hvar, pamoja na lesi za miji mingine miwili ya Kroatia, iliingizwa na UNESCO mwaka 2009 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Mji mmoja ni Pag, ambako lesi hushonwa kwa sindano na akina mama watu wazima ndio wanaoendesha mafunzo ya mwaka mzima. Wa pili ni Lepoglava, ambako hufanyika tamasha la lesi kila mwaka. Mwaka uliofuata ikaingia lesi ya Alençon, mji wa Normandy huko Ufaransa, na hapo naomba tukae kidogo.

Lesi ya Alençon hushonwa kwa sindano. Kwanza mchoro, kisha mchoro hutobolewa juu ya ngozi iliyoandaliwa, kisha huwekwa uzi wa msingi kufuata mistari, kisha wavu wa nyuma, kisha mishono ya kujazia maua, kisha ukingo wa kunyanyua ua. Ikishakamilika, hutenganishwa na ngozi yake kwa wembe. Mwisho fundi huchukua gando la kamba mkubwa wa baharini, naam, gando la kamba, na kusugulia sehemu zilizojazwa mpaka zing'ae. Mtu anajifunza miaka saba hadi kumi ndipo anahesabiwa kuwa fundi kamili, na fundi kamili ni yule anayeweza kila hatua, si hatua moja.

Sasa shikeni hesabu hii: sentimeta moja ya mraba ya lesi ile hula saa saba. Sentimeta moja ya mraba ni ukubwa wa ukucha wa kidole chako. Saa saba! Na sababu ya mimi na wewe tuliopo Tanga kuijua hesabu hiyo ni kwamba wao waliihesabu, wakaiandika, wakaisema kila walipoulizwa. Mgeni akifika Alençon akaona kipande kidogo cha lesi na bei yake, haanzi kubishana, kwa sababu kabla ya bei ameshasikia saa.

Turudi nyumbani, kwenye kofia ya mkono. Wengi humu mmeishona na nyote mmeifua. Kitambaa cheupe hukatwa vipande viwili, duara la juu na mkanda wa kuzunguka kichwa. Mchoraji huchora kwa penseli, maua, nyota, majani, mistari, kila mmoja na mkono wake, na fundi mzoefu akiona kofia msikitini anajua imechorwa na nani. Kisha linatobolewa tundu moja, linazungushiwa uzi mpaka ukingo wake usimame, halafu la pili, halafu la tatu. Tundu lisipokazwa vizuri linachanika siku ya kwanza ya kufuliwa. Likikazwa kupita kiasi kitambaa kinajikunja na duara linakuwa yai. Ukimaliza matundu kuna kujaza katikati, kuunganisha vipande viwili, kufua penseli itoke, kupiga wanga, kuitia kwenye umbo na kuianika.

Uzuri wa kofia hiyo uko kwenye matundu. Ukiinyanyua kwenye mwanga unaona ua lililotengenezwa kwa nafasi, na hiyo ndiyo kazi ya lesi popote duniani. Kwa hiyo tunapozungumza habari za Alençon na Hvar hatuchungulii mambo ya watu wengine. Tuko ndani.

Na kofia hii imesafiri. Ndugu zetu wa Oman wanaiita kumma, na huko leo ni vazi la kila mwanamume, mkubwa kwa mdogo. Waomani waliokuwa wakiishi Unguja na pwani hii walikwenda nayo, hasa baada ya Mapinduzi ya 1964, na tena walipoitwa kurudi baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970. Muscat utasikia Kiswahili, na utaona kofia yenye matundu yaleyale yaliyozungushiwa uzi kwa namna ileile. Kule nako kuna za mkono na za mashine, na tofauti ya bei kati ya hizo mbili si ndogo. Mwenye macho hutofautisha kwa kuigeuza ndani na kutazama mgongo wa mshono.

Sasa nauliza, na sitaki jibu la adabu. Nani humu anajua kofia yake ya mwisho ilikula saa ngapi? Si wiki ngapi. Saa. Au kitambaa cha kochi cha kroshia, seti nzima na cha meza ya katikati?

Nimewauliza wengi kabla ya leo, na jibu ni lilelile: "Nashona nikipata nafasi." Tunashona wakati wali unaiva. Tunashona mtoto akilala, tunashona barazani, tunashona kwenye benchi la zahanati tukisubiri kuitwa. Ndiyo maana hatuhesabu, kwa sababu kazi imejificha ndani ya kazi nyingine. Mnunuzi naye anajua kwamba hatuhesabu, na bei anaipanga yeye.

Tuseme kofia imekula saa 120. Tuseme ameinunua kwa shilingi 60,000, tukafurahi kwamba leo tumeuza. Kabla hujatoa hela ya uzi na kitambaa, hiyo ni shilingi 500 kwa saa moja ya macho, mgongo na vidole. Kila mtu afanye hesabu yake nyumbani kwa bei yake halisi. Pengine yako ni nafuu. Pengine ni mbaya zaidi.

Haya hayajatupata sisi peke yetu. Nchini India, jimbo la Andhra Pradesh, kuna mji wa Narsapur karibu na mdomo wa mto Godavari. Wamisionari walipeleka huko ufundi wa lesi ya kroshia katika karne ya 19, na ukaenea vijijini hadi ukawa biashara kubwa ya kuuza nje. Mtafiti wa Kijerumani Maria Mies alikwenda kuwachunguza, akachapisha aliyoyaona mwaka 1982. Wanawake kwa maelfu walikuwa wakifuma kila siku kwa saa nyingi, juu ya kupika, kuchota maji na kulea. Walipoulizwa, walionekana ni akina mama wa nyumbani wanaopoteza muda kwa kazi ndogo ya mkono. Wenye kununua, kusafirisha na kuuza nje walikuwa wanaume, na hao ndio waliohesabiwa kuwa wafanyabiashara. Tena kazi ilikuwa imekatwakatwa: huyu anafuma maua tu, yule anaunganisha tu, na hakuna kati yao anayekiona kitambaa kimekamilika wala kujua kinauzwa kiasi gani mbele ya safari.

Niliposoma habari hiyo niliumia, kwa sababu naifahamu bila kufika Narsapur. Na sisi tumeanza kukatwakatwa. Yupo anayechora, yupo anayetoboa, yupo anayejaza, yupo anayepiga wanga, na yupo anayepita kukusanya. Kugawana kazi si vibaya. Wazee wetu pia waligawana, na mchoraji hodari si lazima awe mtoboaji hodari. Ubaya unaanza pale ambapo mmoja tu kati yetu ndiye anayejua bei.

Niende Slovenia. Kuna mji wa milimani unaitwa Idrija. Kwa karne nyingi ulikuwa mji wa mgodi wa zebaki, kazi iliyokuwa ikiwadhuru waume na kuwalipa kidogo, na wake zao wakajazia kwa kufuma lesi. Lesi yao ni ya vijiti. Mbele ya mfumaji kuna mto mgumu wa mviringo uliobandikwa mchoro, uzi umeviringishwa kwenye vijiti vya mbao vinavyokwenda jozi kwa jozi, na anavipishanisha, hiki juu ya kile, akishikilia kila pindo kwa pini, kama msusi wa mikeka anavyopishanisha miyaa, ila hapa kila muwaa ni uzi.

Mwaka 1876 mji huo ulifungua shule ya lesi, mwalimu wake wa kwanza akiwa mwanamke, Ivanka Ferjančič. Tazameni yaliyoupitia mji ule tangu hapo. Ulikuwa chini ya Austria-Hungaria, ukawa wa Italia, ukawa wa Yugoslavia, leo ni Slovenia. Vita viwili vya dunia vimepita. Mgodi wenyewe, uliokuwa sababu ya mji kuwapo, umefungwa. Shule ya lesi ipo. Watoto wanamaliza masomo yao ya kawaida, kisha wanakwenda kwenye mito na vijiti vyao, wa kike na wa kiume. Kila mwaka kuna tamasha la lesi mjini, na mwaka 2018 lesi ya vijiti ya Slovenia ikaingia kwenye orodha ya UNESCO niliyoitaja.

Mimi naamini kilichoiokoa kazi ile ni shule, na wala si orodha ya UNESCO. Orodha imekuja miaka 142 baadaye, ikakuta watu wanafuma. Kwetu mtu hujifunza kwa shangazi au kwa bibi, na ni njia nzuri, mimi nimefunzwa hivyo. Lakini bibi akifariki kabla mjukuu hajakaa chini, mchoro umekwenda naye. Tumeshazika wachoraji katika mkoa huu ambao hakuna aliyebaki anayeweza kurudia mkono wao.

Je, mchoro uliopotea unaweza kurudi? Nina habari moja ya kutia moyo. Mwaka 1845, njaa kubwa ilipoanza Ireland, kwenye mji wa bandari wa Youghal kulikuwa na sista aitwaye Mary Ann Smith. Alipata kipande cha lesi ya zamani ya Italia. Hakuwa na mwalimu. Akakifumua, mshono baada ya mshono, akitazama uzi unakotoka na unakokwenda, mpaka akaelewa jinsi kilivyofanywa. Kisha akakusanya mabinti waliokuwa na vidole vyepesi, akawafundisha, katika nchi ambayo watu walikuwa wakifa kwa njaa. Lesi ya Youghal ikawa moja ya lesi zenye sifa kubwa Ulaya. Miaka hiyohiyo, upande wa kaskazini, mji wa Clones, Cassandra Hand, mke wa kasisi, alianzisha mafunzo ya lesi ya kroshia ili familia zipate chakula. Maua na majani yanafumwa moja moja, kisha yanaunganishwa kwa wavu wenye vifundo vidogo. Wale mnaofuma kroshia, mkiona picha zake mtaielewa papo hapo. Nimechapisha chache, zitazunguka.

Nawasihi basi wenye kofia za marehemu kwenye masanduku. Sisemi mzifumue, astaghfirullah. Leteni tuzinakili. Karatasi nyembamba juu yake, penseli laini, na baada ya nusu saa mchoro wa babu yako una nakala. Iandikwe kofia ni ya nani, ilishonwa na nani, wapi. Kama jina halijulikani, iandikwe ilipopatikana.

Najua mtaniuliza habari za mashine, na pale kati mama ameshanyanyua mkono. Nitasema kwa ufupi, kwa sababu mjadala huu unakula mikutano yetu bila kuzaa kitu. John Heathcoat wa Uingereza alipata hataza, yaani hati ya haki ya mvumbuzi, ya mashine ya kufuma wavu wa lesi mwaka 1809. Mwaka 1816 watu wenye hasira waliingia kiwandani kwake Loughborough usiku na kuvunja mashine zaidi ya 50. Akahamia Tiverton, akafungua kiwanda kingine. Mashine hazikurudi nyuma. Lesi tunazovaa harusini nazo ni za mashine: nyingi hudariziwa juu ya kitambaa ambacho baadaye huyeyushwa, uzi peke yake ukabaki umeshikana. Ni kazi nzuri na mimi nazivaa. Tatizo langu si mashine. Tatizo langu ni kofia ya mashine kuuzwa kwa jina la kofia ya mkono, na fundi wa mkono kushusha bei ili ashindane na kitu ambacho hakichoki.

Na kazi ya mkono bado ina heshima yake pale inapoheshimiwa na wenyewe. Harusi ya Catherine na Prince William mwaka 2011, mapambo ya lesi ya gauni yalishikizwa kwa mkono na mafundi wa Royal School of Needlework, shule ya darizi ya Uingereza, kwa ufundi uliotoka Carrickmacross, Ireland. Mafundi wale walinawa mikono kila baada ya nusu saa, na sindano zilibadilishwa kila baada ya saa tatu ili ziwe kali na safi. Hayo yaliandikwa magazetini dunia nzima. Fikirini: mtu anasoma habari ya sindano! Nasi tuna mama humu asiyegusa kitambaa cheupe kabla hajanawa na kuvua pete, na hakuna mnunuzi anayelijua hilo kwa sababu hatujawahi kulisema.

Mwenyekiti, naomba mkutano ukubali mambo haya.

La kwanza ni daftari. Kila fundi awe na daftari dogo kwenye kikapu chake cha uzi. Ukikaa andika saa, ukiinuka andika saa. Hata dakika ishirini za kusubiri wali. Asiyejua kuandika atachora vistari, mjukuu atahesabu. Tufanye hivyo kwa kazi moja moja mpaka tukutane tena, kisha tuweke hesabu zetu mezani pamoja. Hapo tutakuwa na wastani wetu wenyewe wa kofia ya matundu madogo, ya matundu makubwa, ya kitambaa cha meza, ya shuka la kudarizi, na tutaweza kukubaliana bei ambayo hakuna atakayeshuka chini yake.

La pili ni jina. Kipande cha utepe ndani ya mkanda wa kofia, jina la fundi, Tanga, na saa. Kama kazi imepita mikono mitatu, majina matatu. Dada mmoja ameniambia nje kwamba wanunuzi wa jumla hawatapenda. Ni kweli, baadhi hawatapenda, kwa sababu mteja wa Muscat au wa Dar akishajua jina lako anaweza kukutafuta. Hilo nalikubali kuwa ni vita, na ndiyo sababu naomba tulianze wote siku moja. Mmoja akianza peke yake atarudishiwa kofia yake. Tukianza wote, watarudisha za nani?

La tatu ni darasa, kila Jumamosi baada ya saa nane mchana, hapahapa ukumbini kama mwenyekiti na kamati wataridhia. Watoto wa kiume nao waje. Kwenye pwani hii wanaume wameshona kofia tangu zamani na hakuna la aibu hapo. Waanze na tundu. Mtoto akiweza kuzungusha tundu kumi zilizo sawa, apewe mstari. Akiweza mstari, apewe ua. Asipewe kofia ya kuuzwa mapema, maana ataharakishwa na mkono wake utaharibika.

Kitambaa cha kuanzia kipo, vipande vilivyobaki kwa mafundi nguo, nimeshaahidiwa. Uzi tutachangishana. Tunachokosa ni walimu wanne wa kupokezana na mchoraji mmoja atakayekubali kuchora mbele ya watoto huku akieleza anachofanya. Katibu ana karatasi mbili pale mlangoni, moja ya walimu na moja ya wenye kofia za zamani za kunakiliwa. Bi mkubwa wa mstari wa mbele ameshaniambia jina lake litangulie kwenye zote mbili, kwa hiyo nafasi za walimu zimebaki tatu.